Hukumu Niliyompa Msichana wa Kitabuni

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu mkononi, nikisikiliza nyayo za watu waliopita uchochoroni. Kila mtu ana mwendo wake. Wa Estelle, binti yangu, naujua: hutembea haraka, kisha akifika kwenye mfereji hupunguza, kwa sababu ubao wa kuvukia umelegea. Nilisubiri mtu apunguze mwendo pale kwenye ubao. Wengi walipita. Waliopunguza walikuwa walevi.

Simu yake ilikuwa haipatikani. Saa sita nilimpigia Bibiane, mwenye saluni ambako Estelle alikuwa akisuka.

"Mama Estelle, si alitoka hapa saa kumi na moja," alisema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. "Alikuwa na begi."

"Begi gani?"

"Nilidhani unajua."

Niliinama na kumulika chini ya kitanda. Lile begi la kijani tulilotoka nalo Kongo halikuwepo. Magauni mawili hayakuwepo, wala kadi yake ya ukimbizi, wala cheti chake cha shule. Ufunguo wake ulikuwa juu ya kifuniko cha sufuria ya chai, mahali ambapo nisingekosa kuuona asubuhi. Mtu anayekusudia kurudi huondoka na ufunguo.

Mpaka alfajiri nilikuwa nikitafuta kosa langu. Nilimkaripia lini? Nilimnyima nini? Sikupata kitu. Ilibidi niambiwe na mtu mwingine kwamba kosa nililifanya mchana kweupe, mbele ya watu tisa, nikiwa nimeketi kwenye kiti, nikijiona mtu mwema.

Estelle alizaliwa upande wa Beni, kwenye nyumba ya udongo yenye mlango mmoja. Baba yake, Mumbere, alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Estelle alipokuwa na miaka kumi, usiku mmoja jirani yetu alibisha akimwita Mumbere kwa jina. Mimi nilimshika mkono nikamwambia asifungue. Akasema, "Si Paluku huyu? Namjua sauti." Akafungua. Kweli alikuwa Paluku, lakini nyuma yake kulikuwa na watu wenye mapanga waliokuwa wamemlazimisha aite. Mimi na mtoto tulijificha nyuma ya magunia ya mahindi, mkono wangu ukiwa juu ya mdomo wake. Niliubana sana mpaka nilipouondoa alikuwa na alama za vidole.

Tangu usiku ule nina somo moja tu duniani, na nilimfundisha Estelle hapa Kampala kila jioni kabla ya kulala: mlango haufunguliwi, hata ukiitwa kwa jina.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tano. Nasoma Kiswahili vizuri na Kifaransa kidogo, Kiingereza sina. Estelle alikipata Kiingereza ndani ya mwaka mmoja, na Kiganda pia, kama mtoto anavyopata mafua. Kuanzia hapo kila Kiingereza kilichoingia nyumbani kwetu kilipitia kinywani mwake. Daktari alisema, Estelle akaniambia. Barua ilikuja, Estelle akaisoma. Siku moja kwenye ofisi ya wakimbizi, yeye akiwa na miaka kumi na miwili, mtu wa mezani alizungumza kwa muda mrefu huku akinioneshea kidole. Estelle alinigeukia akasema, "Mama, anasema pole, turudi Jumatatu." Nilimshukuru yule bwana kwa mikono miwili. Mwaka mzima baadaye ndipo aliponieleza, huku akicheka, kwamba yule bwana alisema nikichoka kusubiri nirudi nilikotoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile ulikuwa umevaa vizuri, Mama."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mrefu kama baba yake, na akicheka aliziba mdomo kwa sababu ya jino lililokatika. Alisuka bila kumuumiza mtu, hata watoto walimnyamazia. Shule yake ilipoishia kidato cha nne, Bibiane alimpa nafasi katika saluni yake huku Katwe, chumba chenye viti vitatu nyuma ya mafundi wanaochomelea milango na mageti. Mchana kutwa nyundo zinalia pale, na ukitaka kusema jambo lazima upaze sauti. Labda ndiyo maana kila kitu kinachosemwa pale hugeuka kuwa ubishi.

Kitabu kililetwa na Safinah. Safinah ni mwalimu wa chekechea, Mnubi, mtu wa mdomo mtamu, mteja wa kila mwezi, ambaye pale saluni humwita Hajjati. Wakati ule watu wengi mjini walikuwa wakikisoma kitabu kile, wauguzi, wasichana wa madukani, hata askari wa kike wa kituo cha polisi. Cha Safinah kilikuwa fotokopi nene iliyobandikwa gundi nyeusi mgongoni, haina jalada. Kilikuwa hadithi ya mapenzi, lakini ya nchi isiyokuwepo. Msichana mfumaji nguo anapelekwa mlimani kwa mfalme asiye na kivuli. Mfalme hawezi kutoka nje kwenye jua kwa sababu hana kivuli cha kumfuata. Msichana anampenda, anamkatia nusu ya kivuli chake, na tangu siku ile hawezi tena kurudi kwa watu wake, kwa kuwa kila anayemwona anaona kilichopungua.

Safinah alimwomba Estelle awasomee wengine. Kusuka kunataka mikono miwili, kwa hiyo walibuni njia yao. Mteja anayesukwa ndiye aliyeshika kitabu, wazi, kifuani. Estelle alisimama nyuma yake akisoma kwa juu ya kichwa, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni, vidole vikiendelea na kazi. Akimaliza ukurasa alimgonga mteja begani kwa mkia wa kichana, mteja akafunua. Gonga, funua. Watu walianza kuja na miadi ya nywele ambazo hazikuwa zimechakaa.

Na walibishana! Nilikuwa nikipita pale alasiri nikiwa natembeza vitenge, na kabla sijafika nilisikia sauti zao zikishindana na nyundo.

"Huyo mfalme anampenda kweli," Bibiane alisema. "Mwanaume gani wa Kampala amewahi kukuomba kivuli? Wao wanaomba kuongezwa mchuzi."

"Nusu, Bibiane! Amempa nusu!" alijibu Alum, muuza nyanya. "Akimpata mwingine ataondoka nayo. Wewe utabaki umesimama juani kama mti uliokatwa matawi."

"Mtu hana kivuli ni mtu?" aliuliza Mama Guerschom, wa kanisani kwetu, Mkongomani kama sisi. "Ile ni pepo. Mnasikiliza pepo na kichwa wazi, mnachekelea."

"Mama Guerschom," alisema Safinah kutoka chini ya kitambaa, "si uliapa juzi hurudi tena? Na leo umekuja na nywele zimeshasukwa."

"Nimekuja kuwaombea."

"Wallahi, basi utuombee kwa sauti ndogo, tumefika pazuri."

Bibiane, ili wasigombane, alitundika kwenye kioo nyuzi mbili za rasta, nyeusi na nyekundu. Aliyemtetea msichana alifunga fundo kwenye nyeusi. Aliyemlaumu alifunga kwenye nyekundu. Baada ya wiki mbili nyuzi zote mbili zilikuwa zimejikunja kama nywele za mtoto mchanga, na hakuna aliyejua upande upi unaongoza, kwa sababu watu walirudi kufunga mara ya pili wakidhani Bibiane hawaoni.

Mimi sikufunga. Nilisimama mlangoni na mzigo wangu nikimtazama binti yangu. Watu husema mimi ni mtu wa kuangalia sana, na ni kweli. Naangalia kufuli mara tatu. Naangalia anayenifuata barabarani. Niliona kwamba Estelle ameacha chai ya maziwa. Niliona uso wake umekonda na asubuhi anatoka kwenda mferejini. Nilimnunulia dawa ya minyoo.

Nilimwona pia Latif. Alikuwa mpwa wa Safinah, dereva wa lori la samaki kutoka Ggaba, na jioni nyingine alikuja kumchukua shangazi yake. Alisimama nje akiwa ameshika kofia. Mimi alinisalimu akiinama, vizuri kuliko vijana wa kanisani. Estelle hakumtazama hata mara moja. Alimtazama kila aliyepita, hata mbuzi wa jirani, ila yeye. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu na sikuyaruhusu yafike kichwani. Latif ni Mwislamu, ni wa watu wengine, na mimi nilikuwa na kanisa tu. Kanisa ndilo lililotupa godoro tulipofika. Mama Guerschom mwenyewe ndiye aliyelibeba kichwani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Estelle alisema nywele zangu zimekuwa aibu, akaniketisha. Safinah hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani Bombo. Nakumbuka Estelle aliuliza mara mbili, "Hajjati hatakuja leo?" Bibiane akasema hatakuja. Basi nikapewa kitabu nishike mimi. Nilikishika kama watu wanavyoshika mtoto wa mwenzao, kwa uangalifu, bila kuelewa anachosema.

Alisoma kurasa nne au tano. Gonga, funua. Kisha akafika mahali ambapo msichana anamtoroka mfalme. Ni usiku, mvua inanyesha, ana mimba, ana nusu ya kivuli. Anatembea mpaka kijijini kwa mama yake. Anabisha. Mama yuko ndani, macho, anasikia. Anamjua sauti.

Estelle akanyamaza. Nyundo za nje nazo zilikuwa zimetulia, mafundi walikuwa wanakula.

"Nisiendelee kwanza," akasema. "Kila mtu aseme. Mama afungue, asifungue?"

"Afungue!" Alum alidakia. "Mtoto amelowa, unauliza nini?"

"Afungue," alisema Bibiane, "halafu amnunie siku tatu."

"Asifungue," alisema Mama Guerschom. "Amelala na kitu hakina kivuli. Akifungua, haingii mtoto peke yake." Akanigeukia. "Lakini tumwulize Mama Estelle. Huyu ni mwanamke wa maombi, na hajawahi kusema."

Wote tisa walinitazama kwenye kioo. Vidole vya Estelle vilisimama kichwani mwangu.

"Mama," akasema, "wewe unasemaje?"

Ni lazima niseme ukweli hapa. Tangu nifike Kampala, watu waliowahi kuniuliza nafikiri nini hawajai mkono mmoja. Nilisikia uzuri wa kuulizwa. Nilimwona Mama Guerschom kiooni akinisubiri. Nikamwona Mumbere akivuta komeo. Nikasema, "Mimi nisingefungua."

"Hata kama ni mvua?"

"Hata kama ni mvua."

"Hata kama ana mtoto tumboni?"

"Hasa huyo! Alikwenda kwa watu wasio wetu, akawapa kilicho chetu. Akabishe kwao. Mimi ningekaa ndani nimsikilize akibisha mpaka achoke."

"Banange, Mama Estelle!" Alum aliruka. Mama Guerschom alipiga makofi. Bibiane alinisogezea uzi mwekundu na mimi, kwa mara ya kwanza, nikafunga fundo. Nilikuwa nikicheka. Nadhani nilikuwa nikicheka.

Estelle alirudi kwenye nywele. Alisuka taratibu sana, sikusikia hata nywele moja ikivutwa. Hakuendelea kusoma, alisema koo linamuuma. Niliona jambo moja, na kama mambo yangu mengine niliona nikaliacha: mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kushika ukurasa ule ule. Tangu msichana alipoanza kutembea kwenye mvua mpaka mwisho, kile kichana hakikunigonga begani.

Jioni alipika bugari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu. Alipokuwa akiosha vyombo aliniuliza, bila kugeuka, "Mama, baba asingefungua mlango siku ile, sasa hivi tungekuwa wapi?"

"Tungekuwa nyumbani."

"Ndiyo," alisema.

Akamaliza vyombo. Alikaa nami siku nyingine tano, na katika siku hizo tano alifua kila kilicho changu, hata mapazia. Alhamisi hakurudi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa saluni kabla Bibiane hajafungua. Yeye alimpigia Safinah, na Safinah alikuja akiwa na chaki kwenye vidole, ametoka kazini katikati ya somo. Hakunitazama usoni. Hapo nikajua kwamba anajua.

"Yuko hai?" nilimwuliza.

"Yuko hai, mama. Yuko salama. Lakini alinishika mkono akanikataza kusema."

Mama Guerschom naye alikuwa amefika, habari humfikia haraka. "Ni ile kitabu," alisema. "Niliwaambia. Tangu siku ile ya yule msichana na mlango, Estelle alibadilika. Mama yake alisema kweli ya Mungu, na pepo ikakasirika."

Safinah alikunja uso. "Msichana na mlango gani?"

"Si pale anapobisha kwa mama yake," alisema Bibiane. "Anakuja na mimba, usiku, mvua. Wewe ulikuwa msibani."

"Hakuna mahali hapo."

"Hajjati, tulikuwa tisa. Tulisikia."

"Nimekisoma mara mbili, Bibiane. Yule msichana harudi nyumbani kwao, mpaka mwisho. Mama yake yupo mwanzoni tu, anamfunga shali, basi. Hatajwi tena. Watu wengine wanakilaumu kitabu kwa hilo, mimi mmoja wao."

Bibiane alichukua fotokopi kwenye rafu. Ukurasa wenyewe haukuwa mgumu kuupata, ulikuwa na alama ya dole gumba langu la kulia na la kushoto, ya mafuta ya nywele. Safinah aliufuata mstari kwa mstari kwa kidole chenye chaki. Niliona midomo yake ikisoma.

"Hapa ni sherehe," alisema. "Wanacheza ngoma mlimani. Mfalme anamfundisha hatua." Akaufunua, akasoma wa pili yake, akaufunga. "Ni ngoma tu, Mama Estelle. Kurasa zote hizi ni ngoma."

Nje walianza kupiga nyundo. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeishika sherehe mikononi mwangu nikiwa sijui, na mwanangu akisimama nyuma yangu akitunga mvua.

"Aliniambia atakuuliza kwanza kwa njia yake," alisema Safinah, sasa akilia. "Nilimwambia, mwendee mama yako umwambie wazi. Ana mimba ya miezi minne, ni ya Latif, na Latif anataka kumwoa, hajamkimbia. Akasema, mama yangu nikimwambia wazi ataogopa, na akiogopa anafunga. Nitamwuliza juu ya mtu mwingine. Akisema angefungua, nitamwambia jioni ile ile."

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Mama Guerschom. "Ana mimba ya yule Mwislamu."

"Funga mdomo, wewe mama!" alisema Bibiane.

"Kwani nimetunga mimi?"

Wakaanza. Bibiane akasema mtoto amekosa lakini ni mtoto. Mama Guerschom akasema mama aliyesema kweli asigeuke sasa. Alum aliingia na beseni lake la nyanya, akaelezwa kwa maneno mawili, na naye akachukua upande. Walibishana kama walivyobishana wiki zote zile, kwa sauti zile zile, safari hii bila kitabu. Nilimshika Safinah kwenye kiwiko nikamtoa nje. Alinitajia mahali.

Nilifika Ggaba saa tisa. Vyumba viko nyuma ya soko, safu ya milango sita inayotazama ua ambako wanawake huanika mukene, wale samaki wadogo wa ziwani. Jua lilikuwa kali na harufu ilikuwa kali zaidi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwageuza samaki kwa ufagio alinitazama, akatazama tena. Baadaye niliambiwa anaitwa Rukiah.

"Wewe ni mama yake," alisema. "Urefu hamfanani, ila macho. Yumo. Mume yuko safarini mpaka Jumapili. Tangu asubuhi hajatoka."

Viatu vyake vilikuwa nje ya mlango wa nne, ndara zenye mkanda nilioushona mimi kwa uzi wa bluu. Nilibisha.

"Nani?"

Ilikuwa sauti yake, karibu kabisa, kama alikuwa ameketi hapo hapo.

"Ni mimi."

Mlango ule una uwazi chini, kama upana wa vidole viwili. Niliona mwanga wa dirisha la nyuma ukikatika, kisha kivuli cha miguu miwili kikaja kikasimama.

"Estelle. Umesahau ufunguo wako."

Ndicho nilichosema. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mengine.

"Sikuusahau, Mama."

"Nimejua kila kitu. Safinah amenieleza. Sikujua ni wewe. Mimi nilimhukumu yule msichana wa kitabuni. Ningejua ni wewe…"

"Ungejua ni mimi ungesemaje?"

"Ningefungua."

"Mbele ya Mama Guerschom?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulifunguka. Lakini nilimwona yule mwanamke na godoro kichwani, nikaona benchi letu kanisani, na neno likakawia. Halikukawia sana. Kuku angeweza kuvuka ua ule kwa muda huo. Lakini mtoto aliyenitafsiria miaka kumi anaujua ukimya wangu kuliko maneno yangu.

"Unaona," alisema, bila hasira.

"Ndiyo! Hata mbele yake. Mbele ya kanisa lote. Fungua, mama. Fungua nikuone tu."

"Nilikuuliza mara tatu. Mvua, nikakuuliza. Mtoto, nikakuuliza. Nilikuwa nakupa nafasi."

"Wewe unajua kwa nini naogopa mlango. Ulikuwepo. Baba yako alifungua, na…"

"Najua alifungua." Sauti yake ilivunjika hapo, kwa mara ya kwanza. "Alisikia anaitwa na mtu anayemjua, akafungua. Wewe miaka yote hii unanisimulia kama kosa. Mimi ndicho ninachompendea."

Rukiah alikuwa ameacha kufagia. Wanawake wengine wawili walikuwa wametoka, na nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mtoto afungue, huyu si mama yake?" na mwenzake akasema, "Hujui alichomfanyia."

Niliupiga mlango kwa kiganja. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, lile la Kinande ambalo hapa Kampala hakuna mwingine anayelijua. Nilimwambia nitamkubali Latif, nitamlea mtoto, tutahama Katwe. Nilimwambia nimefungua fundo langu kwenye uzi mwekundu, na huo ulikuwa uongo, sikuwa nimeligusa. Kivuli cha miguu kilikuwa pale pale. Mara moja kilisogea mbele kidogo, na nikasikia kitu kikigusa komeo, mkono au kucha.

Kisha mwanga ukarudi chini ya mlango, wote, bila kukatika.

Nilibisha tena. Sijui kwa muda gani. Jua liliteremka upande wa soko, wanawake walikusanya samaki wao kwenye magunia, na Rukiah aliniletea kigoda na kikombe cha maji, akanigusa bega, akaondoka. Mkono wa kulia ulipovimba nilitumia wa kushoto. Nikachoka.

Nilipiga magoti nikausukuma ufunguo wetu chini ya mlango. Niliusikia ukikwaruza sementi, halafu ukatulia. Nikalaza shavu chini nitazame. Uliishia hatua moja kutoka kwangu, katikati ya sakafu iliyofagiliwa vizuri, na hakuna mkono uliokuja kuuokota.